Nne kwa Kumi: Jinsi Alama za Daktari Zinavyosaidia Kutambua Kidole Tumbo

Mzee mmoja alinionyesha karatasi tukiwa tumeketi kwenye benchi nje ya wodi ya wanaume. Ilikuwa imekunjwa mara nne na kulowa jasho la mfukoni. Juu yake palikuwa na jina la kijana wake, umri wa miaka 17, maneno machache ya daktari, na chini kabisa tarakimu: 4/10.

"Dada," akaniuliza, "hii nne kwa kumi ni ya nini? Mtoto alipewa mtihani? Walituambia ni kidogo, turudi nyumbani na dawa ya minyoo."

Ndani ya wodi kijana alikuwa amelala na mpira puani na mwingine umetokea ubavuni. Alikuwa amepasuliwa usiku ule. Kidole tumbo chake kilikuwa kimepasuka na usaha umeenea tumboni. Ilikuwa mwezi wa Oktoba, na mtihani wa Kidato cha Nne ulikuwa mlangoni.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kukaa na familia kwenye benchi kama hilo, kuandika barua na kutafuta njia ya kulipa. Lakini swali la yule mzee lilikuwa la haki, na sikuweza kulijibu siku ile. Nikaenda nikauliza, nikasoma, na sasa ndugu msomaji nakueleza nilivyoelewa, maana karatasi kama ile inaweza kukufikia hata wewe.

Kwanza, kidole tumbo chenyewe. Ni kijinyama chembamba kama mnyoo, chenye urefu wa sentimita 9 hivi, kinachoning'inia pale utumbo mpana unapoanzia, chini upande wa kulia. Kina tundu ndani. Tundu hilo likizibwa, labda na kipande cha choo kilichokauka au na tezi zilizovimba, uchafu hukwama, vijidudu huongezeka, na kidole huanza kufura. Kikifura sana damu haipiti tena, ngozi yake huoza, na mwishowe hupasuka. Hatari hiyo huwa ndogo siku ya kwanza, lakini saa 36 zikishapita tangu maumivu yaanze huzidi kupanda. Ugonjwa huu hushika watu wa rika zote, lakini zaidi walio kati ya miaka 10 na 30, yaani wanafunzi wetu na vijana wetu wa kazi.

Shida ni kwamba tumbo ni kama gunia lililofungwa. Malaria huumiza tumbo, amiba huumiza, taifodi huumiza, njia ya mkojo ikishikwa huumiza, na kwa akina mama kuna mambo ya kizazi pia. Daktari hawezi kumpasua kila anayelia, wala hawezi kungoja mpaka kipasuke ndipo aamini. Zamani madaktari wa upasuaji walikubali kwamba kati ya vidole 100 walivyoondoa, 15 au 20 vingekuwa vizima. Waliona ni afadhali kumpasua mzima mmoja kuliko kumzika mgonjwa mmoja.

Jina la kidaktari la ugonjwa huu lilitolewa mwaka 1886 na daktari Reginald Fitz wa Boston, Marekani. Miaka 100 kamili baadaye, mwaka 1986, daktari mwingine, Alfredo Alvarado, alichapisha matokeo ya kazi aliyofanya Philadelphia. Alichukua mafaili ya wagonjwa 305 waliolazwa kwa maumivu ya tumbo yaliyofanana na kidole tumbo, akatazama ni dalili zipi hasa zilizowatenga wenye ugonjwa na wasio nao. Zikabaki dalili nane. Akazipa alama, sita zikapata moja moja na mbili zikapata mbili mbili, jumla kumi. Hiyo ndiyo kumi iliyo kwenye karatasi ya mzee wetu. Mtindo huu unaitwa alama za Alvarado, na unatumika mpaka leo katika nchi nyingi, kwetu pia.

Hebu tuzipitie, na tuanze na ile ninayoiona kuwa ya maana kwa familia kuliko zote: maumivu kuhama. Mgonjwa wa kidole tumbo mara nyingi hasikii uchungu upande wa kulia mwanzoni. Huanza katikati, karibu na kitovu au juu yake, uchungu wa kuzunguka zunguka ambao hawezi kuuonyesha kwa kidole kimoja. Baada ya saa kadhaa uchungu unateremka na kukaa chini kulia, na sasa anaweza kuonyesha: "Ni hapa." Sababu ni kwamba mishipa ya fahamu ya utumbo haijui vizuri mahali, hupeleka habari ya jumla tu kwamba kuna taabu ndani. Uvimbe ukishafika kwenye utando unaofunika ukuta wa tumbo kwa ndani, mishipa ya pale inajua mahali hasa. Kwa hiyo kuhama kwa maumivu ni hadithi ya ugonjwa wenyewe unavyosonga. Inapewa alama moja. Lakini ni alama ambayo daktari hawezi kuigusa wala kuipima. Anaipata kwa kuuliza tu, na anayejibu ni mgonjwa au mama yake.

Alama ya pili ni kukosa hamu ya chakula, na ya tatu ni kichefuchefu au kutapika. Hizo kila mama anazijua. Nitaongeza jambo moja nililoambiwa na afisa wa kliniki mzoefu: katika kidole tumbo, kwa kawaida uchungu hutangulia na kutapika hufuata. Mtoto akitapika na kuharisha kwanza, tumbo likauma baadaye, daktari hufikiria zaidi chakula kibaya. Si sheria, lakini husaidia.

Halafu mkono wa daktari. Akibonyeza chini upande wa kulia, mahali palipo kama theluthi moja ya njia ukitoka kwenye mfupa wa nyonga kwenda kitovuni, na mgonjwa akashtuka, hizo ni alama mbili kwa mpigo. Akibonyeza polepole kisha akaachilia, na uchungu ukawa mkali zaidi wakati wa kuachilia, hiyo ni alama nyingine moja. Inaonyesha ule utando wa ndani umeshawaka. Tafadhali usijaribu hili nyumbani kwa kurudia rudia, unamtesa mtu bure. Ukitaka kujua, mwombe akohoe, au mtazame anavyopanda boda boda na barabara ina mashimo. Anayekunja uso na kushika kulia kila tuta, huyo amekuambia tayari.

Joto la mwili likifika nyuzi 37.3 au zaidi, alama moja. Angalieni, si homa kali. Watu wengi hungoja mtoto achemke ndipo waogope, na katika ugonjwa huu homa kali mara nyingi ni habari ya kidole kilichokwisha kupasuka.

Mbili za mwisho hutoka maabara. Chembe nyeupe za damu, wale askari wa mwili, zikizidi 10,000 kwa kipimo cha kawaida, alama mbili. Na ikionekana kwamba askari wachanga wameanza kuitwa vitani kwa wingi, alama moja.

Sasa hesabu pamoja nami. Ukiondoa maabara, zile za masikio, mikono na kipimajoto zinafika saba. Yaani dispensari ya kijijini isiyo na mashine yoyote inaweza kukusanya alama saba kati ya kumi! Hilo lilinifurahisha nilipolielewa, na papo hapo likanihuzunisha, maana nilitoa karatasi ya yule mzee nikaitazama tena.

Kijana alipewa moja ya kukosa hamu, moja ya kichefuchefu, mbili za uchungu wa kubonyezwa. Jumla nne. Joto halikuandikwa. Nilipomuuliza mama yake, alisema kipimajoto kilikuwa hakina betri. Damu haikupimwa isipokuwa ya malaria. Kuhusu maumivu kuhama palikuwa na mstari mtupu. Nikamuuliza kijana mwenyewe siku ya tatu, alipoweza kuongea: uchungu ulianzia wapi? Akasema bila kufikiri, "Hapa kitovuni, nikiwa prepu ya usiku. Asubuhi ukashuka." Hakuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo ile haikuwa nne kwa kumi. Ilikuwa nne kwa yale yaliyoulizwa, na ya tano ilikuwa mdomoni mwa mgonjwa ikingoja swali. Ya sita labda ilikuwa kwenye kipimajoto kisicho na betri. Kitu ambacho hakijapimwa si sifuri. Nasema hivi bila kumlaumu mhudumu yule, ambaye simtaji wala kituo chake. Alikuwa peke yake na foleni ilifika barabarani. Lakini kosa la hesabu lilikuwa hapo, na lilimgharimu kijana.

Maana alama zinasomwaje? Kwa kawaida, moja hadi nne: haielekei kuwa kidole tumbo. Tano na sita: inawezekana, mgonjwa asiende mbali, aangaliwe na apimwe tena. Saba kwenda juu: daktari wa upasuaji aitwe. Mwaka 2011 wataalamu waliweka pamoja uchunguzi 42 uliofanywa sehemu mbalimbali za dunia, wakaona kwamba kati ya wagonjwa 100 wa kweli wa kidole tumbo, kama 99 walikuwa na alama tano au zaidi. Kwa hiyo alama iliyojazwa yote, ikawa chini ya tano, ni kitulizo cha haki. Upande wa juu hauna uhakika kama huo: kati ya watu 100 wasio na ugonjwa, kama 19 walifika saba. Ndiyo sababu palipo na mashine ya picha, altrasaundi au siti skani, daktari atataka kuhakikisha kabla ya kisu.

Uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba alama hizi hufanya kazi vizuri zaidi kwa wanaume. Kwa wanawake huzidisha, na kwa watoto huyumba. Hili nataka tulitafakari kidogo. Msichana au mama mwenye umri wa kuzaa akiumwa chini kulia, inaweza kuwa yai, inaweza kuwa maambukizo ya kizazi, na inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba, ambayo huua upesi kuliko kidole tumbo. Kwa hiyo apimwe mimba, hata kama ni mwanafunzi, hata kama mama yake ameketi pale na amekasirika. Nimeona wazazi wakikataa kipimo hicho kwa sababu ya aibu. Daktari hapimi tabia, anapima tumbo. Na mjamzito naye huchanganya hesabu kwa njia yake: kichefuchefu anacho tayari, chembe nyeupe zake hupanda kwa ujauzito tu, na jinsi mimba inavyokua uchungu unaweza kuhamia juu zaidi. Mtoto mdogo wa chini ya miaka mitano hawezi kueleza kitovu na nyonga, analia tu, na wengi wao hufika hospitali kidole kimeshapasuka. Wazee nao huumwa kidogo kuliko ugonjwa ulivyo. Kwa hawa wote alama ndogo isimlaze mtu usingizi.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi hasa. Ile hesabu ya chembe 10,000 ilitoka kwa wagonjwa wa Marekani. Inajulikana kwamba watu wengi wenye asili ya Afrika huwa na chembe nyeupe chache kwa kawaida yao, wakiwa wazima kabisa. Mtu ambaye kawaida yake ni 4,000 akipanda hadi 9,000, mwili wake umepiga kelele, lakini karatasi itasema hajafika. Tena mwenye virusi vya ukimwi ambaye kinga yake imeshuka anaweza asipandishe kabisa. Daktari mwenye hekima analijua hili na hamwachi mgonjwa kwa sababu ya tarakimu moja ya maabara.

Na malaria! Katika sehemu zetu zenye mbu, mtoto anaweza kuwa na vimelea katika damu na bado tumbo lake linaumwa kwa sababu nyingine kabisa. Kipimo kikisema ndiyo, wote tunashusha pumzi: ugonjwa umepatikana. Kumbe kimepatikana kimoja. Kipimo cha malaria hakimo katika zile alama nane na hakipunguzi hata moja. Vivyo hivyo kile kipimo cha damu cha taifodi cha dakika chache, ambacho husema ndiyo kwa watu wengi wasio na taifodi.

Alvarado si peke yake. Mwaka 1994 Waingereza waliondoa ile alama ya askari wachanga, kwa sababu maabara nyingi hazikuipima, wakabaki na tisa. Kwa hiyo ukiona 6/9 usishangae. Watu wa Sweden walitoa yao mwaka 2008, yenye kipimo kingine cha damu kinachoonyesha uvimbe. Brunei, kule Asia, walitoa yao mwaka 2010, na katika hiyo kuna alama ya ziada kwa mgonjwa ambaye si raia, kulingana na kitambulisho chake. Nilicheka niliposoma. Lakini inafundisha kitu: kila hesabu ya namna hii imezaliwa mahali fulani, kutokana na wagonjwa wa pale.

Kuna wanaosema siku hizi kidole tumbo kinatibiwa kwa sindano bila kisu. Ni kweli kwa baadhi. Finland walilijaribu kwa watu wazima ambao ugonjwa wao ulithibitishwa kwanza kwa siti skani kuwa haujapasuka. Wengi walipona kwa dawa, lakini katika miaka mitano 39 kati ya 100 walirudi kupasuliwa. Huko walikuwa na picha, na walikuwa karibu na chumba cha upasuaji. Kununua vidonge vya antibiotiki kwenye kemisti na kungoja nyumbani ni jambo tofauti kabisa.

Basi familia ifanye nini? Andikeni saa. Uchungu ulianza saa ngapi, ulianzia wapi, sasa uko wapi, alikula mara ya mwisho lini, alitapika kabla au baada ya uchungu. Msichana au mama aseme hedhi yake ya mwisho. Mkifika, semeni haya hata kama hamjaulizwa, na ombeni kwa adabu joto lipimwe na liandikwe. Msimpe dawa ya kuharisha, wala mafuta ya mbarika, wala maji ya kumsafisha tumbo kwa njia ya nyuma, maana utumbo ukilazimishwa kusukuma kidole kilichofura huweza kupasuka. Msimlishe mnapokwenda hospitali, kwa sababu akihitaji nusukaputi tumbo linatakiwa liwe tupu. Kumnyima dawa ya maumivu akiwa hospitalini hakuna faida. Zamani ilidhaniwa humficha daktari ugonjwa, leo imeonekana sivyo.

Mkiambiwa mrudi nyumbani, ulizeni swali moja: turudi baada ya saa ngapi apimwe tena? Alama za leo asubuhi si za leo jioni. Kijana wetu angepimwa tena saa kumi za jioni, na kwa jinsi mama yake alivyonieleza hali yake ilivyokuwa, nina hakika hesabu ingekuwa nyingine. Badala yake alilala. Usiku akasikia nafuu ya ghafla, wakashukuru. Nafuu ile ilikuwa kidole kupasuka, presha ya ndani ikitoka. Kulipopambazuka tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Nafuu ya ghafla baada ya siku nzima ya uchungu chini kulia, ikifuatwa na homa, ni sababu ya kukodi gari.

Na gari liende wapi? Dispensari na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, kwa kawaida havipasui. Upasuaji huanzia hospitali za ngazi ya 4, na hata huko inategemea kama daktari na mtaalamu wa nusukaputi wako zamu. Mwombeni mhudumu apige simu kabla hamjaondoka, msije mkazunguka hospitali mbili usiku. Barua ya rufaa ibebe zile alama moja moja, siyo jumla tu, na ionyeshe zipi hazikupimwa. Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, nimekutana na familia ambazo zilianza kujiandikisha mgonjwa akiwa tayari kwenye machela. Fanyeni hilo mapema, siku ambayo hakuna anayeumwa.

Kijana alikaa wodini wiki tatu, kidonda kikisafishwa kila siku. Mtihani wa karatasi za kwanza aliukosa, na zilizobaki hakuwa na nguvu ya kuzikalia. Ng'ombe mmoja wa maziwa aliuzwa. Mwaka uliofuata alirudia darasa. Mzee bado ana ile karatasi, na nilipomweleza nne ile ilitoka wapi, aliniomba nimwandikie zile dalili nane kwa Kiswahili nyuma yake. Nikamwandikia. Amezibandika ukutani karibu na mlango, chini ya kalenda, na jirani zake huja kuzisoma.